Mwongozo Kamili: Kuandaa Jioni ya Midundo na Marafiki wa Nchi Mbalimbali Hapa Dodoma

Dodoma ya leo si mji wa kupita tu ukielekea Singida au Morogoro. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kimeleta wanafunzi na walimu kutoka nje ya nchi. Serikali ilipohamia, wakafuata watu wa mashirika, wakandarasi na wafanyabiashara. Ndiyo maana kwenye baraza moja la Ng'hong'hona au Kisasa unaweza kuwakuta Mkongo, Mkenya, Mnaijeria, Mhindi na Mgogo wamekaa pamoja wakila karanga. Kila mmoja ana muziki wa kwao unaomwinua kitini, na wengi wao hawajawahi kusikilizana.

Kinachofanyika kwa kawaida ni kutumiana linki. Mtu anarusha wimbo kwenye kundi la WhatsApp, wenzake wanaufungua nusu dakika, wanaweka alama ya moto, maisha yanaendelea. Muziki wa mdundo hauingii mtu namna hiyo. Unaanzia mwilini kabla ya kufika kichwani, na mpaka mguu ujue pa kukanyaga, wimbo wa ugenini unabaki kelele. Anayejua mguu ukanyage wapi ni yule aliyekua nao. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inasimama juu ya jambo moja: mwenye wimbo awepo, awaonyeshe wenzake pa kukanyaga, na wimbo usikilizwe mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Watu, na idadi yao

Watu watano mpaka wanane wanatosha. Piga hesabu mwenyewe: watu sita wakileta nyimbo tatu kila mmoja, hizo ni nyimbo 18. Ukikadiria dakika sita kwa wimbo, ni karibu saa mbili za muziki mtupu, na mazungumzo yatakula muda kama huohuo. Ndiyo maana napendekeza kila mtu aje na nyimbo tatu, mbili zipigwe, ya tatu ikae akiba. Mkiwa kumi na watano, jioni inageuka sherehe. Sherehe ni nzuri, lakini ndani yake hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Usitafute wajuzi wa muziki. Mtafute mtu anayeimba akifua nguo. Huyo ana kitu cha kuleta hata kama hajui jina la mpiga gitaa.

Mwaliko uwe mfupi na uwe na kazi ndani yake. Kwa mfano: «Kaka, habari za leo? Jumamosi saa kumi na mbili jioni tunakutana kwangu Ilazo, tusikilize muziki wa makwetu. Njoo na nyimbo tatu za kwenu ambazo mtu hawezi kukaa nazo kitini. Uje tayari kutuonyesha zinavyochezwa.» Kama kuna mtu mzima kati yenu, mwite kwa heshima yake, mzee au mama, na umpe nafasi ya kufungua. Watu wazima wana nyimbo ambazo vijana hawazipati popote, na ukiwaacha waje mwishoni watakuwa wameshaaga.

Hatua ya 2: Kuchagua nyimbo tatu

Waambie wageni wako wagawe hivi. Wimbo wa kwanza uwe ule unaopigwa harusini kwao, ule ambao shangazi anaacha sahani yake akainuka. Wa pili uwe umerekodiwa kabla hajazaliwa. Wa tatu ni wake mwenyewe, anaoupenda hata kama kwao haujulikani sana.

Mgawo huu unazuia kila mtu kuja na nyimbo zilizoko kileleni mwezi huu. Hizo mnazisikia tayari kwenye daladala na saluni, na nyingi siku hizi zinafanana mapigo kutoka Lagos mpaka Dar es Salaam. Wimbo wa shangazi ndio unaobeba nchi. Wimbo wa zamani unaonyesha huo wa shangazi ulikotoka.

Kuna kipimo kimoja cha mdundo ninachokiamini. Zima maneno kichwani, sikiliza besi na ngoma peke yake kwa dakika moja. Kama bega limeanza kusogea bila kuamrishwa, wimbo unafaa. Kama unaupenda kwa maneno yake tu, uweke kwa siku nyingine, maana wenzako hawatayaelewa na hawatakuwa na pa kushika.

Hatua ya 3: Mwenyeji anapiga nini?

Hapa ndipo wenyeji wengi wa Dodoma tunapojipunja. Mgeni kutoka Ghana au Ethiopia anafika kwetu, tunampigia Bongo Fleva ambayo ameshaisikia kwao, na tumekaa katikati ya nchi ya Wagogo, wenye muziki ambao wataalamu wa dunia nzima wamesafiri kuja kuusikiliza. Kama wewe ndiye mwenyeji, anza na huo.

Anza na Hukwe Zawose. Alizaliwa kijiji cha Doduma, mkoa huu huu, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na rekodi zake zikatolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Alifariki Desemba 2003. Alipiga ilimba na zeze na kuimba kwa sauti inayopanda na kushuka ghafla. Kabla hujabonyeza, waeleze wageni mambo mawili.

La kwanza ni ilimba yenyewe. Ni vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, vinapigwa kwa vidole gumba. Kwenye ilimba kubwa, baadhi ya vyuma havipigwi kabisa: vipo ili vitetemeke vingine vikiguswa, na huo ndio mvumo unaousikia nyuma ya kila noti. Mgeni asiyejua atadhani ni spika mbovu.

La pili ni ngazi ya sauti. Uimbaji wa Kigogo haufuati vitufe vya piano. Unafuata sauti za asili zinazozaliwa na uzi mmoja unapotetemeka, na mojawapo ya sauti hizo huangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Sikio lililozoea kinanda litasema hapo wamekosea. Mwambie rafiki yako asubiri. Ukishausikia mara tatu, piano ndiyo inayoanza kuonekana imebanwa.

Kisha wapigie muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, wanazozibana kati ya mapaja wakipiga kwa mikono. Kama una jirani au mama mwenye nyumba anayezijua, mwombe kwa adabu aje akae nanyi nusu saa. Hakuna rekodi itakayoshinda mtu mmoja anayepiga makofi ya kwao mbele yenu.

Baada ya hapo ndipo uingie muziki wa dansi. Morogoro, jirani zetu wa mashariki, ndiko alikowika Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973. Bendi ya Morogoro Jazz ilitumwa kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, kwa hiyo kama una rafiki Mjapani, mdokeze hilo uone anavyokaa vizuri. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Zipo pia bendi nyingine: Msondo, waliozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park walioanza 1978 na mtindo wao wa Sikinde.

Kinachohitaji kuelezwa kwenye dansi ni umbo la wimbo. Nusu ya kwanza ni ya kuimba, taratibu, kisa kinasimuliwa. Kisha wimbo unageuka, waimbaji wanarudi nyuma, gitaa la solo linashika usukani, midomo ya bata (saksafoni) inajibu, tumba zinapanda. Hapo panaitwa chemko. Mgeni anayekata wimbo dakika ya tatu hajausikia wimbo bado. Mwambie mapema kwamba wenyeji husubiri chemko wakiwa wameketi, na likifika hawaketi tena.

Hatua ya 4: Kuzikusanya na kuzihifadhi

Usitegemee intaneti usiku wenyewe. Mtandao ukisuasua katikati ya besi, watu wanashika simu zao na hamtawarudisha.

Pakua mapema. Wimbo wenye ubora wa kbps 320 unakula kama MB 2.4 kwa dakika, yaani wimbo wa dakika sita ni karibu MB 15, na nyimbo 18 hazifiki MB 300. Hilo ni bando la kawaida. Ubora wa kbps 128 unakula chini ya nusu ya hapo, na kwa rekodi za miaka ya sitini haupotezi kitu kikubwa. Kwa muziki mpya wenye besi nzito kama amapiano ya Afrika Kusini, tafuta ule mkubwa. Kuangalia video kunakula bando mara nyingi zaidi na hakuongezi mdundo.

Programu kama Boomplay, Audiomack na Spotify zinaruhusu kuhifadhi nyimbo kwenye simu, nyingine kwa wanaolipia tu. Ukiweza kununua, nunua, hasa kwa bendi ndogo ambazo wenyewe wako hai na wanaishi kwa kazi hiyo. Mkitumiana kwenye WhatsApp, tumeni faili lenyewe kama dokumenti. Usiishike simu mbele ya redio ukarekodi wimbo kama ujumbe wa sauti, kwa kuwa chombo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya maneno na besi yote inabaki nje.

Weka kila kitu kwenye flashi moja au simu moja. Kila faili lianze na namba, kisha nchi, mwimbaji na mwaka kama unajulikana. Ukiacha majina kama «audio_0034», mwezi ujao hakuna atakayekumbuka ule wimbo wa Cape Verde ulikuwa upi.

Hatua ya 5: Sabufa na mahali pa kuiweka

Spika ndogo ya Bluetooth, ile ya kushika mkononi, haitoi sauti za chini kabisa, na sauti hizo ndizo zinazosogeza watu. Ukimpigia mtu reggae kwenye spika ya namna hiyo, umempa nusu ya wimbo. Azima sabufa. Karibu kila mtaa kuna mwenye sabufa na anayependa kusikia ikitumika.

Ukiibana sabufa kwenye kona, besi inaongezeka sana lakini inakuwa nzito na kufunika magitaa. Ivute hatua moja kutoka ukutani, spika zake mbili ndogo uziinue kimo cha masikio ya watu waliokaa. Zima kile kitufe cha kuongeza besi. Muziki wa dansi na rumba una magitaa matatu au manne yanayozungumza kwa zamu, na besi ikizidi utasikia moja tu. Nyumba zetu nyingi zina mabati na vioo vya madirisha vinavyotetemeka, kwa hiyo piga wimbo mmoja mzito kabla ya wageni kufika, tembea chumbani, tafuta kinacholia, kibane kwa gazeti lililokunjwa.

Ukiamua kukaa uani, kumbuka upepo wa Dodoma. Kuanzia Juni mpaka Septemba unavuma karibu kila jioni na unapeperusha sauti nyembamba kabla hazijafika. Geuza mgongo wa spika upande unakotoka upepo, na mkae karibu, mita tatu hivi. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli kwa mtu wa pwani, achilia mbali wa Lagos au Mumbai. Andaa mablanketi au mrudi ndani.

Na uwe na spika moja iliyochajiwa pembeni, hata kama ni ile ndogo. Umeme ukikatika katikati ya chemko, mtamalizia nayo.

Hatua ya 6: Kupanga foleni ya nyimbo

Usizipange kwa nchi. Zipange kwa undugu na kasi.

Kasi inapimwa kirahisi: hesabu mapigo ya mguu wako kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Reggae nyingi utapata kati ya 70 na 80. Amapiano inacheza kwenye 110 na kidogo juu yake. Singeli yetu inavuka 200. Ukitoka reggae ukaingia singeli moja kwa moja, watu watacheka na kukaa chini. Panda taratibu, ukiruka mapigo kumi hadi ishirini kila mara, kisha shuka mara moja katikati ya jioni ili watu wapumue.

Undugu ndio unaonipa raha zaidi. Nyimbo hizi zinajuana kuliko sisi tunavyojuana. Mfano wa mnyororo mmoja: kuanzia mwaka 1933, kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba, zikauzwa Afrika. Huko Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville vijana waliusikia mdundo ambao mababu zao walivushwa nao baharini kwenda utumwani, wakauchukua tena, wakabadilisha piano kuwa gitaa. Ikazaliwa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiorodhesha kwenye urithi wa binadamu mwaka 2021. Franco Luambo na bendi yake ya OK Jazz wakaurefusha ule mwisho wa gitaa unaoitwa sebene. Wanamuziki wa Kongo wakavuka ziwa kuja kwetu, akiwemo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyeishi na kufariki Dar es Salaam mwaka 2010. Kwa hiyo: wimbo wa Cuba, kisha wa Kongo, kisha wa dansi ya Tanzania. Zipigeni hizo tatu mfululizo bila kusema neno, halafu muulizane ni kitu gani mlichokisikia mara tatu. Wengi watapiga mezani yale mapigo matano ya vijiti ambayo hayakuachana na muziki huo popote ulipokwenda.

Kutoka hapo mnaingia benga. Daniel Owino Misiani, anayeitwa na wengi mfalme wa benga ya Kenya, alizaliwa Shirati, mkoa wa Mara, Tanzania. Rafiki Mkenya na mwenyeji Mtanzania wanaweza kuubishania wimbo huo usiku kucha kwa furaha. Kwenye benga sikilizeni jinsi gitaa linavyodonoa kama nyatiti ya Wajaluo, na besi inavyotembea yenyewe badala ya kusubiri.

Mnyororo wa pili ni wa vyuma na vidole. Weka ilimba ya Kigogo, kisha mbira ya Zimbabwe, ambayo Zimbabwe na Malawi waliiorodhesha UNESCO mwaka 2020, kisha wimbo wa Thomas Mapfumo, ambaye bendi yake ilihamishia mistari ya mbira kwenye nyuzi za umeme. Mgogo na Mshona hawahitaji mkalimani hapo.

Wa tatu unavuka Atlantiki kwenda na kurudi. James Brown wa Marekani alikazia pigo la kwanza la kila mzunguko wa mapigo, na Fela Kuti wa Nigeria, akiwa na Tony Allen kwenye drams, akalichanganya na highlife, dansi ya Afrika Magharibi, na jazz ikawa afrobeat. Jirani yao Manu Dibango wa Kameruni alirekodi wimbo «Soul Makossa» mwaka 1972, upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Afrika lililochezwa kwao, na upande huo wa pili ndio uliotikisa kumbi za Marekani. Mhabeshi akiwepo, mpe nafasi hapa. Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma, alisoma Uingereza na Marekani kisha akaunganisha jazz na ngazi za sauti tano za kwao. Mdundo wake ni wa kunyemelea, na ndiyo ile nafasi ya kupumua niliyoisema.

Malizieni na amapiano, kisha singeli. Baada ya singeli hakuna wimbo unaoweza kufuata.

Hatua ya 7: Jinsi ya kuusikiliza kila wimbo

Mwenye wimbo anasimama. Anasema kwa dakika moja tu: unaitwa nini, unatoka mji gani, unapigwa lini. Historia ndefu iachwe. Wimbo unapigwa mara ya kwanza wote wameketi, simu zimelala kifudifudi.

Baada ya hapo anawaonyesha mguu, na hatua hii haifai kurukwa hata kama muda umebana. Anaanza bila muziki, anakanyaga na kupiga makofi, wenzake wanafuata mpaka wote wameshika, ndipo wimbo unarudiwa na watu wanasimama. Kila muziki una siri yake ya mguu, na hizi chache zitawasaidia:

Reggae ya mtindo wa one drop inaliacha pigo la kwanza tupu. Hesabu nne, ngoma kubwa inaangukia tatu. Anayekanyaga kwa nguvu kwenye moja atajiona anapigana na wimbo.

Samba ya Brazil inakwenda mbili mbili, na ngoma kubwa ya surdo inalilia pigo la pili. Uzito wa mwili uende huko.

Mbira na chimurenga, yaani muziki wa Mapfumo, zinakwenda kwa mapigo kumi na mawili, unayoweza kuyagawa nne za tatu tatu au sita za mbili mbili. Kikundi kimoja kipige makofi kwa tatu, kingine kwa mbili, kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza mtapoteana. Mkishikana, chumba kizima kinabadilika, na hapo mtaelewa kwa nini watu wanaweza kucheza wimbo mmoja usiku kucha.

Afrobeat haihitaji hesabu. Chagua chombo kimoja, besi au gitaa la ridhimu, kifuate peke yake dakika nzima. Kisha hamia kingine. Nyimbo za Fela zinapita dakika kumi bila tabu, na mwimbaji mwenyewe anaweza kuchelewa kuingia sana. Muda huo ni wenu wa kuzoea.

Bhangra ya Punjabi inaongozwa na ngoma ya dhol, upande mmoja besi, upande mwingine mkali. Miguu inafuata besi, mabega yanafuata ule mkali.

Funaná ya Cape Verde ina kodiani na kipande cha chuma kinachokwaruzwa kwa kisu. Chuma ndicho saa yenu. Ukikipoteza, simama, kisikilize, ingia tena.

Maswali nayo yana namna yake. «Anaimba nini?» ni swali linalomfanya mtu ageuke mkalimani na wimbo kufa mkononi. Muulize: Nani huanza kuinuka kwenu ukipigwa? Wazee wanauchezaje? Kuna mahali ambapo hauruhusiwi kupigwa? Utapata majibu ambayo hayako kwenye programu yoyote. Maneno yakiwa na matusi au siasa kali, mwenye wimbo aseme mapema, hasa kukiwa na watoto au wazee.

Na msilinganishe. Mtu akisema «huu ni kama ule wa kwetu lakini wenu umepoa», mwenzake hataleta wimbo wa tatu. Aseme alichokisikia, basi.

Hatua ya 8: Majirani, chakula na muda

Waarifu majirani siku mbili kabla, na mjumbe wa mtaa pia kama mtaa wenu una desturi hiyo. Waalike waje. Anzeni saa kumi na mbili jioni, punguzeni sauti ifikapo saa nne usiku. Kama kuna msikiti au kanisa karibu, ulizia ratiba yao.

Chakula kiwe cha kula kwa mkono mmoja: karanga, mishikaki, viazi, juisi ya ubuyu, zabibu zikiwa msimuni. Ugali wa uwele na mlenda uwekwe kabla ya muziki kuanza, kwa sababu unataka mtu atulie.

Mkianza kutoza kiingilio au kuhamia baa, mambo yanabadilika kisheria. Onaneni mapema na afisa utamaduni wa jiji na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu vibali na haki za wasanii. Nyumbani, kati ya marafiki, bila malipo, hamna mzigo huo.

Hatua ya 9: Rafiki aliye mbali

Wengine wamesharudi kwao. Msiwaache. Watumieni faili zote siku moja kabla, ili kila mtu awe nazo kwenye simu yake. Msijaribu kurusha muziki kupitia simu ya video: sauti inakatwakatwa na inachelewa, mkipiga makofi pamoja hamtakutana kamwe. Fungueni simu kwa ajili ya maneno tu, hesabuni kwa sauti «tatu, mbili, moja», kila mmoja abonyeze kwake, kisha zimeni maiki za simu mpaka wimbo uishe.

Saa zinahitaji umakini. Saa mbili usiku Dodoma ni saa kumi na mbili jioni Lagos, saa nane mchana São Paulo, na saa nne na nusu usiku Mumbai. Wa Mumbai apige wa kwanza, wa São Paulo anaweza kusubiri.

Aliye mbali naye lazima aonyeshe mguu. Aweke simu chini, kamera itazame miguu yake, na apige makofi peke yake wengine wakitazama. Inatosha.

Hatua ya 10: Baada ya jioni

Kesho yake, mtu mmoja aandike orodha kamili kwenye kundi: wimbo, mwimbaji, nchi, aliyeuleta, na mstari mmoja wa jinsi unavyochezwa. Mstari huo wa mwisho ndio wenye thamani, kwa hiyo usiandikwe na mwenyeji peke yake, kila mwenye wimbo auandike wake.

Kisha kila mtu apewe wimbo mmoja usio wake, ajifunze kuuchezesha, na jioni ijayo yeye ndiye awaonyeshe wenzake mguu wakati mwenye wimbo ameketi anatazama. Mhindi afundishe chemko, Mgogo afundishe dhol. Mwenye wimbo anaruhusiwa kusahihisha miguu tu.

Na mkiwa bado na hamu, angalieni tarehe za tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, mashariki ya jiji kwenye barabara ya Morogoro. Nendeni mapema asubuhi, mbebe maji na kofia, na kabla ya kurekodi ombeni ruhusa kwa wazee wa kikundi kinachopiga. Mkae karibu na wanawake wa muheme, upande ambao mikono yao inaonekana.